Nafasi Aliyoiacha Wazi Bi Stoo

Mke wangu ametunza stoo ya hospitali kwa miaka ishirini na minane, na watu walishasahau jina lake. Wote humwita Bi Stoo, hata mimi nikitaka kumchokoza. Stoo yenyewe ni chumba kirefu chenye dirisha moja la juu. Asubuhi mwanga hushuka humo taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi bila haraka, ukapita kwenye maboksi ya glavu, ukagusa madumu ya spiriti, ukaishia kwenye pamba na kulala hapo. Yeye alikuwa akipita humo macho yakiwa nusu yamefumba, mkono ukipapasa rafu, kama anayetembea ndani ya usingizi wake mwenyewe.

Kila kitu kilikuwa na kadi yake, iliyoning'inia kwa uzi. Kadi hizo nilizichapa mimi, enzi kiwanda chetu cha uchapaji kilipokuwa kiwanda, kabla mtambo wetu haujauzwa kama chuma chakavu. Na kadi zilikuwa na sheria. Kitu kikiisha, huandiki sifuri. Mzee aliyemfundisha kazi, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, alimwambia siku ya kwanza: sifuri ukiitia mkia inakuwa tisa, ukiitangulizia tano inakuwa hamsini, na mwizi ana kalamu kama wewe. Acha nafasi wazi, kisha geuza kadi itazame ukuta. Ukisimama mlangoni ulijua mara moja kipi kimekwisha, kwa kuwa kilikupa mgongo.

Kisha ikaja kompyuta, na kadi zikavuliwa zote siku moja na kutiwa kwenye gunia. Skrini ilikuwa na visanduku arobaini na vitatu vya kujaza. Bi Stoo aliniambia ameota yuko mbele ya jengo lenye madirisha arobaini na matatu, kila dirisha linamuuliza swali, na ndani hamna mtu. Baadhi ya maneno ya pale hata msimamizi wa hospitali hakuyaelewa, ila yeye alikuwa na tai, basi hakuulizwa.

Alijaza kama alivyofundishwa. Glavu zilipokwisha, akaacha kisanduku wazi. Kompyuta nayo, kwa akili zake, ikachukulia kwamba hakuna kilichobadilika, ikaendelea kuonyesha maboksi mia mbili na arobaini. Oda haikwenda. Asubuhi moja mgonjwa amelazwa juu ya meza ya upasuaji, daktari ananyoosha mikono avalishwe glavu, hakuna hata jozi. Mgonjwa akarudishwa wodini mpaka zilipoazimwa kwingine.

"Mama," msimamizi akamwambia, "mwisho wa mwezi utafanya kazi hii mbele yangu. Ukishindwa, unahamia chumba cha kufulia, ukahesabu mashuka."

Jioni hiyo, nyumbani, alikaa na viatu mguuni mpaka chai ikapoa. "Leo nimekuwa mjinga wa kutupwa," akasema. Nami nilishaambiwa hivyo, pale kiwandani, na kijana aliyekuja kupima mtambo wetu kwa futi kabla haujabebwa.

Wiki iliyofuata kampuni iliyouza programu ikamleta binti mmoja, mchoraji wa skrini, anayepanga vitufe na visanduku vikae wapi. Akavuta kartoni, akakaa.

"Kumbe ni wewe uliyetengeneza hili dubwana?" Bi Stoo akamuuliza.

"Wenzangu, mama. Mimi nimekuja kukuangalia tu."

"Kuniangalia? Mimi sinema?"

"Fanya kazi zako kama sipo."

"Na hayo manukato? Utakuwaje hupo?"

Binti alicheka mpaka akashika kartoni. Siku ya tatu ndipo alipouliza, kwa sauti ya chini: "Mama, zile glavu, kwa nini hukujaza?"

"Nilijaza."

"Hapa pako wazi."

"Ndivyo nilivyojaza, mwanangu. Zilikwisha."

Binti akaitazama tena skrini. Kisha akaomba aoneshwe kadi za zamani. Wakafungua gunia, wakazitandaza sakafuni, na Bi Stoo akamwelezea habari ya sifuri, ya mwizi na ya ukuta, huku mwanga wa dirishani ukipita juu ya karatasi zile kana kwamba nao unasoma.

Binti alirudi siku moja kabla ya mtihani. Visanduku arobaini vilikuwa vimeondolewa mbele ya macho. Mashine ilivijaza yenyewe kimyakimya. Vilibaki vitufe vitatu vikubwa: Imeingia, Imetoka, Imekwisha, na mahali pa kuandika idadi. Rafu zilichorwa kama zilivyo, toka mlangoni hadi dirishani. Ukibonyeza Imekwisha, picha ya kitu iligeuka na kukupa mgongo. Mke wangu aliitazama, akaibonyeza tena na tena. Akafuta macho kwa ncha ya khanga, akamwambia binti kuwa ni vumbi.

Siku ya mtihani akapokea mzigo mzima bila kukosea. Msimamizi akasogeza kiti, akajaribu mwenyewe, akaweza.

"Kumbe rahisi hivi! Basi stoo haihitaji mtu. Wauguzi watachukua vitu na kubonyeza wenyewe."

Binti akainamisha kichwa. Wazo hilo hakulichora yeye, lakini lilitoka katika mchoro wake.

Bi Stoo hakupandisha sauti. "Bosi, bandeji zipo ngapi?"

"Maboksi kumi na mawili. Si haya hapa kwenye skrini?"

"Nenda kaniletee la mwisho, kule nyuma."

Akaenda. Tulimsikia — nilikuwa mlangoni, nimemletea mke wangu miwani yake — akisukuma kartoni, akipiga chafya. Akarudi na vumbi kwenye tai, mkononi boksi jepesi kama mkate uliokauka.

"Hili tupu."

"Na lililo chini yake pia. Wauguzi wako huchukua bandeji wakaacha boksi, eti haraka. Mimi leo nilikuwa naelekea huko kuyakagua, ukaniita kwenye mtihani."

Msimamizi aliigeuza tai upande usio na vumbi. Hakuutaja tena uhamisho. Bi Stoo akamsogezea skrini.

"Andika kumi, bosi. Polepole tu, hakuna anayekufukuza."