Redio Ampeleka Mkewe Baharini

Kinyozi huyu watu walimbandika jina la Redio, na jina likamkaa. Tangu anapofungua mlango wa saluni yake asubuhi mpaka anapokung'uta kitambaa cha mteja wa mwisho, mdomo wake haukujua likizo. Alinyoa huku akisimulia, akachonga ndevu huku akiuliza habari za nyumbani, na mtu aliyeingia na mawazo alitoka nayo yamepungua pamoja na nywele. Lakini mwaka ule Redio alikuwa na jambo moja asilothubutu kulisimulia: mkewe alikuwa ameacha kumjibu.

Si kwamba waligombana. Laiti wangegombana! Mkewe alifanya kazi katika kampuni ya maji, kwenye chumba cha kupokea simu. Kutwa nzima alikaa na kisikilizio kichwani, akiambiwa na watu wenye hasira kwamba bomba limepasuka na mtaa mzima unaoga matope. Akirudi nyumbani alipika, akawasimamia mabinti zake wawili mpaka wakaoga, kisha akalala. Redio angemwambia, "Leo kaja mzee kunyolewa, kichwani hana hata unywele mmoja, nikamwambia tupige pasi tu." Zamani mzaha kama huo ungemfanya ashike mbavu. Sasa aliendelea kukunja nguo kana kwamba pale chumbani hakuna mtu.

Kilichomvuruga zaidi ni maneno ya mwalimu mmoja, mteja wake wa siku nyingi. Mwalimu alikuwa akisimulia ndoa ya jirani yake iliyovunjika. "Mke akikupigia kelele, bado anakutaka," alisema, macho amefumba, shingo ameilegeza. "Ogopa akinyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu." Mashine ikamteleza Redio, ikamchimba mwalimu kisogo, wakatazamana kwenye kioo.

Tangu hapo hakukalika. Akikaa, anasimama. Akisimama, anasahau alichosimamia. Nyumbani alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, anafungua friji, anaifunga, anaenda dirishani, anarudi. Mpaka siku moja mteja mwingine akamweleza kuhusu hoteli aliyompeleka mkewe, katika mji wa baharini: chumba kinatazama maji, chakula cha jioni cha watu wawili, na kuzungushwa bandarini kwa boti. Wenyewe waliiita wikendi ya wapendanao. Redio aliishika habari hiyo kama mtu anayezama anavyoshika kamba.

Alipiga simu hotelini. Akapiga tena kuulizia roshani. Akapiga kuulizia kama kitanda kinalia. Akabadilisha chumba, akakirudia kile cha kwanza, akakibadilisha tena, hadi dada wa mapokezi akaijua sauti yake.

"Kaka, ni wewe tena? Unakuja kupumzika au kutukagua?"

"Nakuja na mke wangu, dada yangu. Pakiharibika hapo, nimeharibikiwa mimi."

Mabinti alipanga kuwaacha kwa dada yake, mwanamke asiyemeza neno. "Nenda, kaka, wanangu hawa niachie," alisema. "Ila usiende kumchosha wifi yangu kwa maneno. Mwache apumue."

Kilichobaki ni kumwambia mwenyewe. Alimkuta akiosha vyombo, amempa mgongo, bomba linamwaga maji. Akasema. Kimya. Akasogea mpaka karibu na bega lake, akasema tena.

Mkewe aligeuka. "Umesema?"

"Nimesema twende baharini. Mimi na wewe, watoto tuwaache kwa shangazi yao."

Alimtazama, mikono inachuruzika povu. "Kuna nini?"

"Kuwe na nini? Mtu hawezi kutoka na mkewe?"

"Anaweza. Ila wewe ndiye uliyesema bahari ni maji tu yaliyozidi chumvi." Kisha akatabasamu kidogo. "Haya, twende."

Redio akapata hofu mpya. Mbona amekubali upesi hivyo? Au anataka kwenda kuniambia huko huko, mbali na watoto?

Kwenye basi mambo yalimshangaza. Mkewe alichagua dirisha la upande wa kushoto, yeye akakaa kuliani kwake, na njia nzima wakazungumza. Alimjibu, akamtania, akacheka mpaka abiria wa mbele akageuka. Redio alishuka kifua mbele. Kumbe dawa ilikuwa safari tu!

Hotelini walikuta taulo zimekunjwa kama bata wawili wanaobusiana, na petali za maua zimetawanywa kitandani. Redio aliwasogeza bata, akawarudisha, akafungua roshani, akaifunga kwa sababu ya upepo, akaifungua ili bahari ionekane. "Unapapenda? Au tuombe kingine?"

"Kaa, baba watoto. Unanitia kizunguzungu."

Jioni waliwekwa kwenye meza yenye mshumaa, karibu na spika ya mwanamuziki aliyekuwa akiimba kana kwamba wasikilizaji wako ng'ambo ya maji. Mkewe aliinama, akageuza kichwa, akawa anaitikia kila kitu kwa kutingisha kichwa. Redio akajikaza, akamuuliza swali alilokuja nalo toka nyumbani.

"Mke wangu, una furaha na mimi?"

"Mtamu," alijibu, akionyesha samaki. "Ila wamezidisha ndimu."

Redio aliona mkewe ameulizwa habari za moyo, akajibu za sahani. Usiku ule mkewe alilala fofofo, naye akabaki akihesabu mapanga ya feni.

Asubuhi walitoka kutembea juu ya ukuta unaozuia mawimbi. Upepo ulikuwa mkali. Redio alijiweka upande wa maji, kushoto kwa mkewe, ili yakiruka yamlowanishe yeye. Akajisemea, ni sasa au basi. Akatazama mbele kwa aibu, akasema yote: "Kama umenichoka niambie. Kama nimekukosea, nitaje kosa nikuombe radhi. Nitukane ukitaka. Lakini usininyamazie, mama watoto, kimya chako kinanimaliza. Mimi bila wewe ni kelele tu."

Wimbi likapiga ukuta. Mkewe alivuta pumzi, akafunga kitambaa chake vizuri.

"Upepo mzuri," akasema.

Redio alisimama. Mkewe akaendelea kutembea. Basi akageuka, akashuka ngazi za ukuta, akaingia mjini bila kujua anakoelekea.

Alipita maduka ya kamba na nyavu, akapita wanawake waliokuwa wakikwangua magamba ya samaki, akarudi njia ile ile bila kuiona. Mwisho miguu yake, kwa mazoea, ikamwingiza kwenye saluni ya watu. Akakaa kwenye kiti. Kinyozi wa pale, mtu mnene mwenye kicheko, alimpaka povu, akaanza kunyoa ndevu na kusimulia. Redio hakujibu.

"Kaka, mbona umenuna? Au wembe hauchukui?"

"Endelea tu."

"Wageni wengi huja hapa wawili wawili. Wewe mwenzio umemwacha wapi?"

Umemwacha wapi. Redio alishtuka. Mji wenyewe mkewe haujui, na ufunguo wa chumba uko mfukoni mwake yeye! Akaruka kitini, akabwaga noti mezani, akatoka mbio, shavu moja safi na jingine lina povu.

Alimkuta mapokezi, kitambaa kimemwanguka mabegani, akimsihi dada wa zamu awapigie polisi. Alipomwona mumewe, woga ukageuka moto.

"Unaniacha mji wa watu kama furushi! Nageuka nakusemesha, naongea na upepo! Nikafikiri umeangukia majini! Una akili wewe?"

Zilikuwa kelele hasa. Hata mwanamuziki wa jana, aliyekuwa akinywa chai, aliteremsha kikombe. Redio, katikati ya aibu, alihisi kitu kama raha. Anapiga kelele! Bado ananitaka!

"Nimekumwagia moyo wangu wote pale ukutani," alisema, "ukanijibu upepo mzuri!"

"Moyo gani? Umesema nini?"

Alimtazama usoni, akaona hatanii. Mkono wa mkewe ukapanda polepole mpaka kwenye sikio la kushoto.

"Twende juu," akasema.

Chumbani aliketi ukingoni mwa kitanda, akamvuta mumewe aketi kuliani kwake. Sikio la kushoto halikuwa likisikia. Lilianza kwa kuvuma kama mdudu aliyenaswa ndani ya chupa, kisha likafifia mwezi hadi mwezi. Kazini alihamishia kisikilizio upande wa kulia, akamwomba Mungu msimamizi asigundue, kwa maana nani atamweka kiziwi kwenye simu?

"Na mimi je? Mimi mumeo?"

"Wewe ungesikitika. Halafu ungefungua saluni. Kufika adhuhuri, mji mzima ungekuwa unaniongelesha kwa ishara."

Redio alitaka kukana. Akakumbuka habari ya mimba ya dada yake, aliyoisimulia saluni, ilivyofika sokoni kabla ya kumfikia mumewe. Povu lilikuwa limemkaukia shavuni, linawasha. Hakulifuta.

Kisha akasimama ghafla, akavuta begi, akaanza kutupia nguo ndani. Waondoke sasa hivi, yuko daktari, yuko mteja wake anayemjua daktari, hapana, asimwambie mteja...

"Kaa," mkewe akasema.

"Lakini kila saa tunayopoteza..."

"Limekaa miezi, halitakufa leo. Sijapumzika vizuri tangu lini sijui. Kaa, uniambie yale ya ukutani. Upande huu."

Akakaa. Alipoyarudia maneno hayakutoka mazuri kama ya mwanzo, aliyakatakata, akayachanganya. Mkewe alimsikiliza akimtazama midomo, akalia, kisha akamcheka kwa ile nusu ya ndevu. Boti la wapendanao liliondoka bila wao.

Daktari wa masikio alisema wamechelewa. Dawa zingelinda kilichobaki, si kurudisha kilichokwenda. Mkewe alikwenda mwenyewe kwa msimamizi akamweleza. Walimtoa kwenye simu, wakamweka dirishani anapoonana na wateja ana kwa ana, kazi aliyoiona ya chini kidogo na akachukua muda kuizoea. Redio hakulitamka jambo hilo saluni. Lilimkereketa kooni siku nzima, akanyoa akisimulia mengine.

Ila kutulia bado hakutulia. Hofu ilihamia kwenye lile sikio la pili. Mlango ukigongwa humtazama kwanza mkewe, kama amesikia. Na kwa kuwa ni msahaulifu, mara nyingi hukaa upande usiofaa, akapiga hadithi nzima peke yake. Ndipo mkewe humshika mkono wa shati, hata mbele ya wakwe, akamzungusha mpaka upande wa pili, naye huzunguka akiendelea kuongea.