Gari Lililozibwa na Baraza

Nyinyi mlio nyumbani mmezoea kuniuliza, "Sasa huko unakwenda kufanya nini?" Safari hii nina jibu: nilikwenda Bagamoyo kuona gari. Lilikuwa gari kubwa jeusi la Kiingereza, la viti vya ngozi na dashibodi ya mbao. Mwenyewe, mfanyabiashara wa mbata, alikuwa akilitumia kubeba maharusi wa mji mzima. Sasa alikuwa amefariki na mjane wake analiuza. Fundi Salehe, mwenye gereji ya Kariakoo nilikokuwa nikifanya kazi, aliponipa habari hizo, usingizi ulinipaa.

"Likiwa zima, lilete, na wewe ndiye utakayeliendesha," alisema, akinikabidhi betri na debe la petroli. "Likiwa limeoza, nirudishie betri yangu."

Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo sijadumu katika kazi hata miezi sita. Lakini kile kiti cha dereva nilikitaka hata kabla sijakiona.

Ijumaa alfajiri nilipanda lori la soda, betri mapajani, debe la petroli miguuni. Dereva aliitazama betri, akaniuliza, "Huyo mtoto ana miezi mingapi?"

"Hajaanza kutambaa."

"Basi mkumbatie. Huko mbele barabara haina huruma."

Alisema kweli. Baada ya Tegeta ilikuwa vumbi na mashimo, na Kerege tulizama kwenye mchanga. Wenzangu walisukuma kwa mikono. Mimi nilisukuma kwa mgongo, betri kifuani.

Saa nne nilikuwa Bagamoyo, mbele ya nyumba ya mawe nyuma ya soko. Kwenye baraza lake refu walikaa wazee wanne wakinywa kahawa. Niliwaamkia, wakaitikia vizuri, kisha macho yao yakatua kwenye betri. Vikombe vikasimama hewani.

"Umekuja kwa ajili ya gari," alisema mmoja, mnene, mwenye kofia ya viua. Huyo ndiye Mzee Shomari. "Haya, ingia ukanywe chai. Lakini umekuja bure."

Bi Mwanaidi, mjane mwenyewe, alinipokea kwa chai na mkate wa kumimina, akaniuliza habari za Dar es Salaam moja baada ya nyingine. Mwishowe akafungua mlango wa ndani, tukaingia ghalani.

Jamani! Lilikuwa limeinuliwa juu ya boriti za mikoko ili tairi zisiguse chini. Juu liling'aa kama maji ya kisima. Nilijilaza nikachungulia chini yake: hakuna kutu hata chembe, ila harufu kali ya papa.

"Ni sifa, mafuta ya ini la papa," alisema Bi Mwanaidi. "Watu wa kwetu ni wa vyombo vya baharini. Jahazi tunalipaka sifa lisiliwe na chumvi, nikaona na gari ni hivyo hivyo. Na kila Ijumaa naizungusha injini kwa hendeli, isishikane."

Nikakimbilia ule mlango mkubwa wa mabawa mawili unaotokea barabarani, nikausukuma. Haukutikisika.

"Ndiyo hapo," alisema taratibu. "Bwana alipofariki, waombolezaji walikuwa wengi, hawana pa kukaa. Rafiki zake wakajenga baraza hapo nje, mbele ya mlango huu, kwa mawe na chokaa. Mimi nilikuwa edani, miezi minne na siku kumi, sitoki. Nilipotoka, baraza limeshakauka."

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Wakasema, ngoja kwanza. Huu mwaka wa tatu nangoja." Akaketi juu ya gunia. "Nataka kwenda kuhiji, mwanangu, magoti yangu yangali yananitii. Sina cha kuuza ila hiki."

Baada ya swala ya Ijumaa wazee walirejea palepale, nami nikaketi nao.

"Baraza la msiba halivunjwi kwa sababu ya gari," alianza Mzee Shomari kabla sijafungua kinywa.

"Nitalijenga upya hapo pembeni, kwa mikono yangu."

"Unajua kuchanganya chokaa?"

"Nitajifunza."

"Loo! Atajifunzia kwenye makalio yetu!" Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa.

Nikauliza, kwa udadisi tu, nani kati yao alikuwa amelipanda gari lile. Kicheko kikakatika.

"Lilikuwa la maharusi," alisema Mzee Shomari.

"Hata siku moja?"

"Mimi niliwahi kulisukuma," alijibu yule aliyepaliwa.

Nikainuka, nikarudi ghalani. Nilifunga betri, nikatia petroli, nikasafisha plagi, nikasema Bismillahi. Stata ikakohoa mara mbili. Mara ya tatu injini ikaitika, ikanguruma kwa sauti nene ya upole, na mlango mkubwa ukaanza kutetemeka. Huko nje nikasikia ukelele: "Wallahi baraza linanitekenya!"

Bi Mwanaidi alikuwa ameshatoka nje, mtaimbo mkononi. Akamkabidhi Mzee Shomari.

"Shemeji, ulilijenga wewe. Sipendi livunjwe na mgeni."

"Na tukishalivunja tutakaa wapi?"

"Leo mtakaa ndani ya gari."

Mzee Shomari alimaliza kahawa yake, akafutafuta kikombe, akavua koti. Pigo la kwanza lilikuwa lake.

Alasiri tuliliteremsha gari kutoka kwenye boriti, likatoka, likapita juu ya kifusi na mbao, watoto wakishangilia. Tulikwenda hadi Kaole, mimi kwenye usukani, Mzee Shomari pembeni yangu, watatu nyuma wakigombea dirisha. Aliwapungia mkono hata mbuzi. Tulipofika penye magofu akashusha mkono, akasema kwa sauti ndogo, "Tulijenga upesi. Tulitaka mwenzetu apate watu wa kumlilia. Hatukumuuliza mkewe."

Jumamosi walinifundisha kuchanganya chokaa, kwa matusi mengi, tukajenga baraza jipya chini ya dirisha.

Jumapili asubuhi nilirudi Dar es Salaam na Bi Mwanaidi, aliyekataa kukaa nyuma. Fundi Salehe alilizunguka gari mara tatu, akagusa, akanusa. "Mbona linanuka papa?" aliuliza. Kisha akamhesabia Bi Mwanaidi fedha zake, akanitupia mimi funguo.

Nilichojifunza ni hiki: ukienda kununua gari, usianze na injini. Tazama mlango lilipoingilia, ukae kwanza na waliokaa mbele yake. Wazee wale niliwadhania wakaidi. Kumbe walikuwa na haya: walikosea kwa mapenzi, na miaka mitatu hawakupata pa kuanzia kulisema kosa hilo.

Siku ya Bi Mwanaidi kuondoka kwenda Makka ilifika, nami ndiye niliyempeleka uwanja wa ndege. Kiti cha nyuma ni cha watu watatu. Walikaa wazee wote wanne wa barazani, kofia zimepinda kwa kubanana, na hakuna aliyekubali kushuka.