Habari za Nyumbani Katika Kambi ya Misikhu

Siku yangu ya kwanza hospitalini Kitale, mkuu wa madresa alinikagua kucha kabla hajaniuliza jina. Dresa, kwa nyinyi vijana, alikuwa mfanyakazi wa kuosha na kufunga vidonda, kupima homa na kugawa dawa. "Mikono kwanza," alisema. "Mdomo baadaye." Nilifanya kazi chini yake miaka kadhaa, kisha nikahamishiwa Bungoma. Huko ndiko homa kubwa ya mafua ilinikuta, miaka ya hamsini ikielekea mwisho.

Homa hiyo ilikuwa imezunguka dunia nzima kabla ya kutufikia. Vibarua wa mashamba ya walowezi walirudi nayo nyumbani. Bwana Daktari, Mzungu aliyesimamia afya ya wilaya, aliamuru wagonjwa wa upande wa Misikhu wawekwe karantini, yaani watengwe na watu, katika shule iliyokuwa imefungwa. Nikapewa kambi hiyo. Tulizungusha kamba uwanjani; jamaa waliacha chakula hapo na kurudi makwao. Amri nyingine ilikuwa kwamba mgonjwa asiambiwe habari ya kifo chochote, asije akavunjika moyo.

Aspirini, maji na uji viliwasaidia wengi. Lakini baada ya muda niliona jambo ambalo sikufundishwa. Watu ambao homa ilishawatoka walikataa kula. Walilala wakitazama ukuta, kila mmoja akiwa ameshawazika watu wake wote kichwani. Wafula, kibarua aliyetoka na homa hiyo shambani Kitale, ndiye alikuwa na hali mbaya zaidi. Alikuwa ameacha kabisa kuzungumza.

Asubuhi moja mke wake, Nasimiyu, alikataa kuondoka kwenye kamba.

"Dresa, mwambie Wafula kwamba mama yake amekufa. Tumeshamzika."

"Nimekatazwa, mama."

"Si yeye anajua? Kila siku ananiangalia kwa dirisha, na mimi naangalia chini. Sasa hapo umemficha nini?"

Nilipanda baiskeli hadi Bungoma nikamweleza Bwana Daktari. Alinisikiliza akiwa amesimama.

"Wewe nataka mimi geuza amri?"

"Ndiyo, Bwana."

Akaketi. "Wakati ya vita, ndugu yangu alikufa. Wakubwa yangu ficha mimi. Mimi ona macho yao, mimi jua. Mimi kaa na hiyo neno peke yangu." Akanitazama. "Ambia yeye kweli. Halafu usitoke. Kaa na yeye."

Nilirudi nikaketi kando ya Wafula, nikamwambia.

"Ni mimi nilimletea homa," alisema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza.

Nilibaki nimeketi pale pale. Alilia mpaka jua likapinda. Kisha akaomba uji.

Tangu siku hiyo, jamaa walisimama kwenye kamba kila asubuhi wakapaza sauti kutoa habari za nyumbani: ng'ombe aliyezaa, mahindi yaliyolala kwa upepo, na vifo pia. Baadhi ya wagonjwa bado walikufa. Lakini waliopona walianza kuulizana habari, hata kubishana.

Wafula aliporuhusiwa kutoka, aliogopa kwenda peke yake, nikamsindikiza. Kwetu, baada ya mazishi wafiwa hunyolewa ndipo matanga yaishe. Tulikuta ukoo mzima uani, na hakuna aliyenyolewa. Wafula akasimama nje ya ua, asiingie.

Mjomba wake akatoka na wembe. "Unasimama huko kama mgeni kwa nini? Tungenyoa aje na wewe hauko?"

Akamkalisha kwenye kigoda, akaanza naye.

Sasa nimestaafu, nalima mahindi Matulo. Vijana wa afya huniuliza tulitumia dawa gani wakati ule. Dawa ya kuua homa ile hatukuwa nayo. Ilikuja na ikaondoka yenyewe. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha kwamba, siku itakapoondoka, mgonjwa awe bado anataka kuamka.