Ngazi za Mawe Nilizozing'oa

Ndugu zangu wa Lindi waliposikia kwamba Jumamosi nachimba njia mlimani bila malipo, walidhani baridi ya Mbulu imenipanda kichwani. Kaka yangu aliniuliza kwenye simu, "Umekwenda huko kufundisha au kutumikia kifungo?" Nilimjibu ovyo, maana ukweli ulinitia aibu. Nilikwenda kuchimba kwa sababu Jumamosi ilikuwa ndefu mno. Ukishafua, ukainjika maharage na kusahihisha madaftari, bado ni saa tano asubuhi, nje ni ukungu, na hakuna wa kukubishia hodi.

Nilikuwa mwaka wa pili nikifundisha katika kijiji cha Nambis. Watu walinisalimia vizuri, walinipisha njiani, wakaniita mwalimu, kisha wakaendelea na Kiiraqw chao. Hakuna aliyenionea. Nilikuwa mpweke tu, na upweke wa mtu anayeheshimiwa ni mbaya kwa kuwa huna wa kumlalamikia.

Mtu wangu alikuwa bibi mmoja, jirani wa nyumba ya walimu. Mwezi wangu wa kwanza alinikuta nahangaika na jiko la mkaa barazani, akanisogeza kwa kiwiko, akaliwasha mwenyewe. Tangu hapo alikuja karibu kila jioni na maziwa ya mgando, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tukazungumza kwa Kiswahili chake cha kubabaisha na Kiiraqw changu cha kuchekesha. Aliniita mwanangu. Mama yangu mzazi alishafariki, na sitaki kusema zaidi ya hapo.

Kikundi chetu cha kujitolea kilikuwa na watu kama kumi, wengi wanakwaya wa kanisani, na mwenyekiti wetu alikuwa mkulima wa makamo. Tulitaka kufungua njia ya watembeaji kutoka shuleni hadi ukingo wa msitu, ambako bonde lote huonekana, na kurudisha miti ya asili mahali palipojaa mikaratusi. Fundi mmoja wa Masakta, kule Hanang, alikuja kutufundisha. Njia isipande kilima wima kama mbuzi mwenye haraka, alisema. Ipite ubavuni, ielemee bondeni kidogo, maji ya mvua yavuke yasiigeuze mfereji. Jiwe la ngazi lizikwe sehemu kubwa, lionekane uso tu. Niliipenda kazi ile vibaya sana. Kwa kuwa nafundisha hesabu, wakanipa kazi ya kupima wapi njia ipite.

Likizo ya Juni nilikwenda kwetu. Niliporudi nikaambiwa bibi amefiwa na binti yake wa mwisho, aliyekuwa akiishi naye. Nikachukua sukari na kanga, nikaenda siku ileile. Kwetu mfiwa haachwi peke yake hata kidogo. Tunalala kwake, tunapika kwake, mpaka mwenyewe atuchoke. Huku sikufika hata mlangoni. Mkwe wake alisimama katikati ya uwanja, akainua mkono.

"Mwalimu, usiingie. Rudi tu."

"Nimekuja kumpa bibi pole."

"Tumesikia. Rudi tu, mwalimu."

Bibi mwenyewe alikuwa ameketi ukutani. Aliniona, akainuka, akaingia ndani.

Mimi ni mtu wa kununa, nakiri. Nilirudi na sukari yangu, nikanuna wiki nzima, kisha nyingine. Nilijiambia kumbe nilikuwa mtu wa kupotezea jioni tu. Mambo ya uchungu yana wenyewe. Kuuliza si ujinga, nawaambia wanafunzi kila siku, lakini mimi sikumuuliza mtu. Hasira zote nilizimalizia kwenye sururu.

Hapo ndipo nilipoiona ile njia. Ilianzia nyuma ya mashamba, mbali na barabara ya kijiji, ikazunguka kwa chini, ikapita kwenye mitarakwa, miti ya asili michache iliyobaki, ikaishia kwenye chemchemi ndogo. Ilikuwa nyembamba na safi, imefuata ubavu wa kilima sawasawa kama alivyotaka fundi wetu. Nikashangaa kwa nini watu wanapanga foleni kisimani wakati huku kuna maji na hakuna mtu. Nikaamua watembeaji wapite hapo, wapumzike chemchemini, kisha wapande. Wenzangu wakatazamana. Mwenyekiti akajikuna shingo.

"Mwalimu, umeona ipite hapa?"

"Hapahapa. Kuna ubaya?"

"Wewe ndiye umesoma," akasema, akashika jembe.

Tuliipanua kwa Jumamosi nne. Tulifyeka vichaka pande zote mbili ili mgeni aone mbali. Nilizika ngazi kumi na mbili za mawe kwa mikono yangu, na kila nikimaliza moja nilisimama juu yake na kurukaruka kuona kama inatikisika. Sijawahi kujivuna kiasi kile.

Jumamosi ya tano nilikuwa nimepiga magoti nasawazisha udongo, nikainua macho nikamwona bibi. Amesimama hatua kama ishirini mbele yangu, dumu tupu mkononi. Kununa kote kuliniisha palepale. Nikainuka nikamkimbilia, namwita. Akarudi nyuma. Nikazidi kwenda. Akaiacha njia, akatafuta pa kujificha, na kichaka hakikuwapo, tulishakifyeka. Akajitosa bondeni, akateleza, akaanguka kwa kiuno. Mwenyekiti, ambaye hajawahi kunigusa hata bega, alinishika mkono akanivuta.

"Mwache, mwalimu. Atainuka mwenyewe."

"Ameanguka!"

"Ukimgusa utamwongezea mzigo. Bado yuko kwenye msiba wake."

Bibi aliinuka kweli, akaenda zake akichechemea. Ndipo mwenyekiti akanieleza, macho yake chini. Kwa desturi ya wazee, nyumba iliyofiwa na kijana hujitenga kwa miezi. Wenyewe hawaingii kwa watu, hawaendi sokoni, hawachoti kisima cha wote wala kupita njia ya wote, mpaka wazee wawafungulie. Waumini wengi wameshaiacha. Bibi hakuiacha. Njia ile na chemchemi ile zilikuwa za watu wenye hali kama yake, tangu enzi za babu zao.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Wewe ni mwalimu wetu. Na mambo haya mgeni anaweza kutucheka."

"Sasa ananichukia?"

"Akuchukie kwa nini? Anaogopa mkosi wake usikupate wewe. Ndiyo maana anakukimbia."

Nikauliza tangu tuipanue njia anachota maji wapi. Wenzangu wakageukia majembe yao. Mwishowe dada mmoja wa kwaya akasema anachota alfajiri, kwenye dimbwi la kunyweshea ng'ombe. Nilikaa kwenye ngazi yangu nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Mimi niliyejaa upweke hadi pomoni nilikuwa nimemnyang'anya mwenzangu mahali pake pa kuwa peke yake.

Tukakubaliana njia ihamie juu. Wengine walinung'unikia nguvu zao za bure, na walikuwa na haki. Nikawaambia waende wakachimbe huko, kosa langu nitalifukia mwenyewe. Basi wao walikuwa juu na nyimbo zao, mimi chini na sururu. Jiwe lililozikwa vizuri halitoki kirahisi. Nilimlaani fundi wa Masakta kwa kunifundisha sawasawa. Niling'oa ngazi zote, nikalima kingo zilizoshindiliwa, nikapanda miche ya mitarakwa. Mtarakwa hauna haraka ya kukua, kwa hiyo nikakata matawi ya miiba nikayapanga pande zote mbili, yamsitiri bibi kwa sasa. Nilikwenda jua la saa saba tu, nikidhani saa hiyo hachoti mtu.

Zikapita wiki, na sikuona dalili yoyote kwamba bibi amerudi. Niliogopa kwamba njia nimeiharibu moja kwa moja, na kwamba ataendelea kunywa maji ya ng'ombe kwa ajili yangu.

Halafu siku moja nilifika nikakuta matone ya maji kwenye vumbi, yametoka chemchemini yakielekea kwenye kona. Yalikuwa bado hayajakauka, na jua lile lilikuwa kali. Alikuwa amepita sasa hivi. Nikiongeza mwendo kidogo tu nitamkuta, nitaona uso wake, nitamwambia nisamehe. Sijawahi kutamani kitu namna ile. Miguu yangu ilikwisha kuanza kwenda.

Nikaizuia. Nikakohoa kwa nguvu, ajue nipo, anikimbie. Nikasikia vijiti vikivunjika upande wa pili wa miiba, hatua zikaharakisha, zikafifia, kukawa kimya. Nilikaa chini nikalia, kisha nikamwagilia miche.