Nilivyonyimwa Mbwa

Nimefundisha shule ya msingi Iringa mpaka nikastaafu, kwa hiyo kuulizwa maswali sijakuzoea. Muulizaji ni mimi. Ndiyo maana siku niliyokwenda Mbeya kuchukua mbwa nilirudi mikono mitupu na nimenuna.

Vibaka walikuwa wananimalizia kuku. Binti yangu, anayeuza vitenge soko la Mwanjelwa hukohuko Mbeya, akaniambia kuna watu wanaokota mbwa waliotupwa, wanawatibu na kuwatoa bure. Kwangu bure ni kufika na kuondoka naye. Nilipofika kwao, dada mmoja wa rika la binti yangu akaniamkia, akanionyesha jike la rangi ya udongo, meno yake ya mbele yamekatika. Nikampenda palepale. Kisha ikaja karatasi. Una uzio? Ukisafiri nani atamlisha? Utakubali tuje kumtazama? Ukishindwa, utamrudisha kwetu bila kumpa mtu mwingine? Nikamuuliza kama nimekuja kuchukua mbwa au kuposa. Akacheka, akaendelea.

"Mchana atakaa wapi, mwalimu?"

Hilo nililijibu kwa kujidai. Nina banda la mbao, nikamweleza, dogo, lenye giza. Nitamfungia asubuhi na kumfungua jioni, ndivyo mbwa anavyokuwa mkali. Baba yangu alifanya hivyo, na mtaani kwetu wanafanya hivyo mpaka leo. Nikasubiri anisifu. Akaikunja karatasi, akasema hawezi kunipa.

Nikawaka. Nikamwambia mbwa ni mbwa, wanawadekeza bure. Akaniacha nimalize. Ndipo akanieleza kwamba jike huyu aliwahi kutolewa, kwa mkulima wa mpunga wa Rujewa, mtu mwema, mwenye banda kama langu. Mkulima alipata msiba wa ghafla, akasafiri na ufunguo mfukoni. Majirani walimsikia mbwa akibweka, wakajua analinda.

"Mimi ndiye niliyemtoa, na sikuuliza kitu," alisema. "Siku ya tano nilimkuta anatafuna mbao atoke."

Basi lilipofika Makambako hasira zilikuwa zimegeuka aibu. Niliwakumbuka mbwa wetu wa utotoni, wakali kweli, na hakuna hata mmoja niliyewahi kumgusa. Kesho yake nikabomoa banda, mbao zake nikazibia uzio, nikapiga picha nikamtumia yule dada. Akataka jirani yangu naye awe na ufunguo wa geti. Nikakubali. Baada ya wiki mbili akanipa mbwa. Na kubweka anabweka, kuku hawajapungua.

Mwezi wa tatu tangu nimchukue, yule dada akatokea bila taarifa. Niliogopa kweli kwamba amekuja kumchukua, na wakati huo nilikuwa sijui tena kunywa chai ya asubuhi bila yule mbwa kando yangu. Mbwa akamtambua, akamrukia, akamlamba mikono huku akilia kwa furaha. Nikasema moyoni, basi, nimempoteza.

Mgeni alikagua uzio, akanywa chai, akaaga. Alipofika getini akalifungua lote, akatoka nje, akamwita mbwa. Mbwa akamfuata mpaka kizingitini, akasimama akimtazama. Kisha akageuka, akarudi kujilaza miguuni pangu.

Yule dada akalisukuma geti likajifunga, yeye akiwa nje, machozi yanamtiririka.

"Ashukuriwe Mungu," alisema. "Amenikataa."