Idhini ya Mama kwa Daktari wa Kichina

Daktari alisema neno moja refu la Kiingereza, akalikatakata kama muwa: si-ti-ran-gu-lei-ti. Nililielewa. Mama, aliyejikunja kitandani ameshika tumbo, alinikazia macho.

Tulitoka Wambaa asubuhi hiyo kwa gari ya kukodi hadi hospitalini, mama akitapika njia nzima. Mie nilikuwa nimerudi Pemba wiki ileile, baada ya miaka ya kuzurura Dar, Mombasa na Maskati. Mkalimani wa madaktari wa Kichina alikuwa amevuka kwenda Unguja, na muuguzi alikuwa akitayarisha chumba cha upasuaji. Tukabaki watatu: mama, daktari kijana mwenye miwani, na mie na Kiingereza changu cha hotelini.

Maskati niliwahudumia Wachina wengi. Konsonanti mbili zikigongana, wengi wao huchomeka irabu katikati zipate kupumua, au huiacha konsonanti ya mwisho ikadondoka. "Stop" kwa daktari huyu ilikuwa "sitop", "blood" ikawa "bulad", na "risk" ikaishia "ris". Sikumcheka. Nasi sekondari tulisema "sitiriti" badala ya "street", mpaka mwalimu akatusimamisha dirishani mmoja mmoja tulirudie hadi herufi zishikane.

"Mama, anasema utumbo umenyongwa," nikamwambia. "Damu haifiki. Lazima upasuliwe sasa hivi, ukingoja utaoza."

"Kasema yeye, au wasema weye?"

"Yeye. Mie natafsiri tu."

"Neno moja lile ndo likatoa maneno yote hayo? Mie sikatwi kwa maneno ya Maskati."

Daktari akatazama saa ya ukutani, akaanza tena kunieleza. Kadiri alivyoharakisha ndivyo miisho ya maneno ilivyozidi kumdondoka, nami ikabidi nimwombe arudie. Mama akaona tunavyoulizana.

"Hata weye humfahamu," akasema, akajivutia shuka hadi kidevuni.

"Namfahamu, mama. Nataka uhakika tu. Nikutilie saini ya idhini mie?"

"Tia. Halafu lala weye hapa, wakupasue."

Maumivu yakambana tena. Akafumba macho, mdomo ukamkauka, na nilipoushika mkono wake ulikuwa baridi. Yalipomwachia kidogo alisema kwa sauti ya chini, "Siku nilipoolewa shehe aliingia ndani akaniuliza mie mwenyewe. Hakutuma mtu. Na huyu aniulize."

Nikamweleza daktari. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba Kiswahili chake ni cha "inauma wapi" na "vuta pumzi", na jambo hili ni kubwa. Nikamwambia bila hivyo hakubali. Akavuta kiti, akakaa mpaka uso wake ukalingana na wa mama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Utumbo wako umefungwa. Damu haipiti. Mimi nitapasua hapa, nitafungua, nitashona. Leo. Ukingoja, utakufa. Unakubali?"

Nilitaka kuliwahi hilo neno la kufa, maana kwetu mgonjwa haambiwi hivyo. Lakini mama alikuwa akimsikiliza. Sauti ya daktari ilipanda na kushuka pasipo pake, ila katika Kiswahili hakukuwa na konsonanti zilizogongana za kumkwaza. Kila moja ilikuja na irabu yake, na kila neno likafika zima.

Mama akamtazama kwa muda. Nikamwona daktari akiiangalia saa tena, bila kugeuza kichwa.

"Una mama weye?"

"Ninaye. Yuko mbali."

"Ajua kama wapasua watu?"

"Anajua. Anaogopa."

"Hata mie naogopa," mama akasema. Akaiachia shuka. "Haya, nimekuruhusu. Bismillahi."

Walimsukuma haraka. Nilikwenda sambamba na kitanda hadi mlangoni, muuguzi akanizuia, mlango ukafungwa. Nikakaa kwenye benchi, nikasimama, nikakaa. Wakati wote wa kuzurura nilikuwa nikimkumbuka mama akiwa mzima, anapepeta mchele uani. Sikuwahi kumfikiria hivi.

Baada ya alasiri muuguzi akatoka. Akaniambia utumbo umewahiwa, na mgonjwa keshazinduka.

"Anakuulizia," akasema. "Anataka kujua yule mwanawe wa safari bado yupo au keshaondoka."

Nikavua viatu, nikaingia.