Swali la Fensi Alitunga Mchumba Wangu, Msamaha Naambiwa Niombe Mimi

Admin, jina langu libaki kwako, na shule pia usiitaje, maana wazazi wengi wa huko wanafuata ukurasa huu.

Mimi ni mwalimu wa miaka ishirini na nane, nafundisha gredi ya tano katika shule ya kibinafsi huku Milimani, Nakuru. Mchumba wangu, tumwite Ken, yuko shule hiyo hiyo. Ndiye mkuu wa somo la hisabati, na kwetu mitihani yote ya hesabu anaitunga yeye. Sisi walimu wa darasa tunapiga chapa tu, kisha jina letu linakaa juu ya karatasi. Huo utaratibu nilikuwa nauona mzuri kabisa. Mjinga mimi.

Muhula huu alileta swali hili: mkulima ana fensi ya mita mia moja, anaweka nguzo kila baada ya mita kumi, atahitaji nguzo ngapi? Nikamuuliza kabla ya kuchapisha, "Hii fensi inazunguka shamba ama ni laini moja imenyooka?" Kwa sababu ikizunguka ni nguzo kumi, lakini ikinyooka ni kumi na moja, kuna ile ya kuanzia. Akacheka. "Babe, hawa ni watoto wa grade five. Maneno mingi itawachanganya. Jibu ni kumi, chapa." Nikachapa.

Karatasi zilipofika nyumbani, grupu ya wazazi iliwaka moto. Baba mmoja injinia, ambaye binti yake alikosa alama hiyo akashuka nafasi ya pili, alichora fensi akatuma picha. "Ni kumi na moja. Huyu mwalimu alisomea wapi?" Mama mmoja mwenye shamba Gilgil akamjibu kwamba fensi yake inazunguka na ni kumi, injinia apunguze kiburi. Walirushiana maneno asubuhi nzima, halafu wakaona ni rahisi zaidi kunirukia mimi. Wa nguzo kumi na wa nguzo kumi na moja wakapatana hapo: mwalimu ni bure kabisa. "Kwani tunalipa fees watoto wafunzwe na mtu wa kubahatisha?" mmoja akauliza.

Nilikuwa nangoja Ken aseme neno moja tu. Yumo kwenye hiyo grupu. Akaandika hivi: "Wazazi wetu wapendwa, poleni sana. Mwalimu wetu bado ni mchanga kwa kazi, tumvumilie, tunamshika mkono." Akapigiwa makofi. Mimi nililia ofisini mbele ya walimu wenzangu, sikujali nani ananiona.

Nilipomwendea, hakukana. "Ni kweli swali ni langu. Lakini wewe ukisema sorry, next week wamesahau. Mimi niko kwa interview ya deputy. Hiyo cheo si ni yetu sisi wawili?" Yetu! Matusi ni yangu peke yangu, lakini cheo ni chetu.

Sasa mwalimu mkuu anataka niombe msamaha mbele ya wazazi Ijumaa, la sivyo mkataba wangu hauongezwi. Nikimtaja Ken, jina lililo juu ya karatasi ni langu na sina shahidi kwamba nilimuuliza akaniambia nichape, na yeye anasema nitakuwa nimemmaliza. Na Jumamosi, siku inayofuata, wazee wa kwao Ken wanakuja kwetu Kabazi kuniposa. Mama amepaka nyumba rangi. Baba anawaambia majirani mkwe wake ni mwalimu wa hesabu, kichwa chake si mchezo. Akinipigia simu kunisimulia hayo, namwambia nina kipindi, nakata.

Nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Mtu aliniangalia nikichafuliwa kwa kosa lake, ametulia tu. Kama ni hivi kwa nguzo moja, siku tukipata shida yenyewe itakuwaje?

Leo mchana amenitumia maneno nitakayosoma Ijumaa. Ameyaandika mwenyewe, ya adabu, ati nakiri sikulifikiria swali vya kutosha. Swali alitunga yeye, jibu alitoa yeye, na sasa hata msamaha ameniandikia. Mwisho ameongeza: "Usome polepole babe, na usilie."

Wenzangu, hasa nyinyi mlioolewa, semeni nami bila kunificha. Niyasome hayo maneno Ijumaa, halafu Jumamosi nimkaribishe kwa baba yangu nikitabasamu? Ama nimpigie baba leo nimwambie asichinje mbuzi?